Baiskeli nyikani: Safari za masafa marefu kutoka Moyale hadi miji ya Mlima Kenya

KWA miaka mingi tangu 2003, wakazi wa Isiolo, Timau na Nanyuki wamewashuhudia waendeshaji baiskeli wakiwasili kutoka kaskazini, nyuso zimeungua kwa jua na mizigo imefungwa kwenye fremu. Wengi wao huwa wametoka mbali mno, Cairo nchini Misri, na bado wana maelfu ya kilomita kabla ya kufika Cape Town. Kwa mtazamaji wa kando ya barabara, hayo ni mateso ya kujitakia. Kwa wahusika, ni mchezo wenye historia, kanuni, maarifa na hatari zake.

Makala haya yanaeleza safari hizo za baiskeli nyikani ni zipi, zilianzaje, njia ya kaskazini mwa Kenya ina ugumu gani, mwili na chombo vinahitaji nini, na nafasi ya vijana wa Kenya katika mchezo ambao kwa muda mrefu ulionekana kuwa wa wageni.

MAANA NA ASILI

Safari ya uvumilivu kwa baiskeli ni mwendo wa siku nyingi mfululizo katika maeneo yenye makazi machache: majangwa, misitu, milima na mbuga. Zipo za aina tatu. Ya kwanza ni safari ya mtu binafsi anayejibebea hema, chakula na vifaa. Ya pili ni msafara unaoandamana na magari ya kubeba mizigo, wapishi na wahudumu wa afya. Ya tatu ni mashindano, ambayo nayo hugawanyika: yale ya hatua, ambapo kila siku ina mshindi wake, na yale yasiyo na mapumziko rasmi, ambapo saa haisimami hata mshiriki anapolala.

Mfano mashuhuri wa mashindano yasiyo na mapumziko ni Tour Divide, yanayofuata safu ya milima kutoka Banff nchini Kanada hadi mpaka wa Marekani na Mexico, umbali wa takriban kilomita 4,400. Mshiriki hujitegemea kwa kila jambo. Haruhusiwi kuwa na gari la kumfuata, na msaada anaoweza kununua ni ule tu unaopatikana kwa kila mpita njia.

Haya yote yasingewezekana bila mabadiliko mawili ya karne ya 19. Mnamo 1885, Mwingereza John Kemp Starley alitoa baiskeli ya Rover yenye magurudumu mawili yanayokaribiana kwa ukubwa na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma. Miaka mitatu baadaye, mnamo 1888, John Boyd Dunlop akatia hewa ndani ya mpira wa tairi. Kabla ya hapo, kati ya 1884 na 1886, Thomas Stevens alikuwa tayari ameizunguka dunia kwa baiskeli ya gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma, chombo kilichoweza kumrusha mpandaji kichwa mbele kila kilipogonga jiwe.

AFRIKA YAVUKWA

Barani Afrika, jina lisiloweza kurukwa ni la Kazimierz Nowak, raia wa Poland. Aliondoka Tripoli, Libya, mwishoni mwa 1931 na kuteremka hadi ncha ya kusini ya bara, aliyoifikia mnamo 1934. Badala ya kupanda meli arudi kwao, aligeuka akarejea kaskazini kwa njia nyingine hadi Algiers, Algeria, alikofika mwishoni mwa 1936. Kwa jumla alikwenda kilomita zipatazo 40,000, nyingi kwa baiskeli, nyingine kwa miguu, farasi, ngamia na mtumbwi. Gharama alizilipa kwa makala na picha alizotuma magazetini Ulaya, ambazo pia zililisha familia yake. Malaria na majeraha yalimdhoofisha, akafariki mnamo Oktoba 1937, hata mwaka haujatimia tangu arudi.

Tukio jingine lilitokea Tanzania. Mnamo Desemba 31, 1984, Nicholas na Richard Crane, Waingereza wawili waliokuwa binamu, walifika kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, wakiwa na baiskeli zao. Sehemu kubwa ya juu hawakuweza kukanyaga. Walizibeba begani. Lengo lilikuwa kuchangisha pesa za shirika lililoshughulikia teknolojia nafuu kwa nchi zinazoendelea, na safari yao ilidhihirisha kwamba baiskeli yaweza kufikishwa popote ambapo miguu ya mwenyewe yaweza kufika.

Msafara wa Tour d'Afrique ulianzishwa mnamo 2003 na Henry Gold wa Kanada. Hutoka Cairo hadi Cape Town, karibu kilomita 12,000, kwa muda wa miezi minne hivi. Kwa miaka mingi ulipitia Sudan na Ethiopia na kuingia Kenya kupitia Moyale, hadi vita vilivyozuka Sudan mnamo Aprili 2023 vilipoifunga njia ya kawaida ya nchi hiyo. Katika mkondo huohuo, Mark Beaumont wa Scotland alitoka Cairo mwaka 2015 na kufika Cape Town baada ya siku 41, saa 10 na dakika 22. Alikwenda kilomita 10,812, yaani wastani wa kilomita zaidi ya 250 kwa siku.

NJIA YA KASKAZINI MWA KENYA

Kati ya sehemu zote za Cairo hadi Cape Town, ile ya Moyale hadi Isiolo ndiyo iliyojijengea sifa ya kutisha kuliko nyingi. Ni umbali wa takriban kilomita 500. Nusu yake, kutoka Moyale hadi mji wa Marsabit, inapita kwenye uwanda wa Dida Galgalu, jina la Kiborana ambalo hutafsiriwa kuwa uwanda wa giza. Ni bahari ya mawe meusi ya volkano, haina kivuli, na maji ni ya visima vichache. Magharibi yake kuna Chalbi, jangwa la chumvi lililokuwa ziwa zama za kale.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2010, barabara hiyo ilikuwa ya changarawe na mawe. Malori yalikuwa yameikwaruza ikawa na matuta madogo yaliyopangika mithili ya bati la paa. Kwa gari, matuta hayo hulegeza skrubu. Kwa baiskeli, hutikisa mikono hadi ganzi, hukata spoki na huvunja keria za chuma. Mwendeshaji aliyezoea kwenda kilomita 120 kwa siku kwenye lami alishukuru Mungu alipotimiza 70.

Fauka ya hayo, kuna upepo. Kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya kuna mkondo mkali wa hewa unaovuma kutoka kusini mashariki karibu mwaka mzima. Nguvu zake ndizo zilizofanya mitambo 365 ya kuzalisha umeme ijengwe karibu na Loiyangalani, Kaunti ya Marsabit, mradi wa megawati 310 uliozinduliwa rasmi mwaka 2019. Upepo unaowasha taa za Nairobi ndio huohuo unaompiga kifuani mwendeshaji anayetoka Moyale kuelekea kusini.

Usalama nao ulikuwa kitendawili. Magari yalisafiri kwa misafara iliyolindwa na polisi kwa sababu ya majangili na uhasama wa jamii za wafugaji. Shambulio la Turbi mnamo Julai 2005, lililoua makumi ya watu wakiwemo watoto wa shule, liliikumbusha nchi kwamba wenyeji wa njia hii walikuwa wakiishi na hatari ambayo mgeni aliipita kwa siku chache tu.

Hali ya barabara ilibadilika baadaye. Lami ilianza Isiolo, ikafika Merille, kisha Marsabit, na hatimaye Moyale katika nusu ya pili ya miaka ya 2010. Leo mwendeshaji anaweza kutoka mpakani hadi Nanyuki bila gurudumu lake kugusa changarawe. Hata hivyo, lami haikuondoa jua, upepo wala umbali kati ya kisima na kisima. Imeongeza pia jambo jipya, nalo ni mwendo wa kasi wa mabasi na malori.

MLIMA KENYA: KIVULI CHA MVUA

Msafiri anayetoka kaskazini huuona Mlima Kenya akiwa bado katika joto la nyika. Isiolo iko kwenye mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo barabara hupanda bila huruma hadi juu ya mita 2,000 katika mashamba ya ngano ya Timau. Ndani ya saa chache, mtu aliyekuwa akitafuta kivuli huanza kutafuta sweta.

Tofauti hiyo inatokana na mlima wenyewe. Kilele cha Batian kina mita 5,199, na pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hulazimika kupanda miteremko ya kusini na mashariki, zikamwaga mvua Embu, Chuka na Meru. Zinapofika upande wa kaskazini na magharibi huwa zimekauka. Ndiyo maana nyika ya Laikipia na Isiolo inaanza chini kidogo tu ya theluji.

Karibu na Timau, barabara ya Nanyuki hadi Meru inapita juu ya njia ya chini iliyochimbwa mahsusi kwa ajili ya ndovu, ambayo wanyama hao wameitumia tangu mwanzoni mwa 2011 kuvuka kati ya msitu wa mlima na nyika za Lewa. Kwa mwendeshaji baiskeli hili si jambo la kupendeza macho tu. Ni onyo kwamba huku barabara ina watumiaji wengine, na kwamba alfajiri na magharibi si saa za kukanyaga peke yako kando ya msitu.

Upande wa kusini, mandhari ni mengine kabisa. Gakindu, katika eneo la Mukurweini, Kaunti ya Nyeri, iko katika nchi ya matuta na mabonde yaliyochongwa na mito inayoteremka kutoka milima ya Aberdare. Barabara hapa hainyooki. Hushuka hadi mtoni, ikavuka daraja, ikapanda tena kati ya mibuni na migomba, na ikifika juu huanza upya. Baiskeli nzito ya chuma, ile ambayo Wakenya waliibandika jina la Black Mamba, imebeba maziwa, kuni, nyasi za ng'ombe na magunia katika miinuko ya namna hii kwa vizazi, mara nyingi ikisukumwa zaidi ya kupandwa.

Matuta hayo ni uwanja wa mazoezi usiolipiwa. Mwanariadha anayepanda na kushuka kwa saa tatu katika mabonde ya Mukurweini hufanya kazi ambayo mwenzake wa nchi tambarare angehitaji siku nzima kuipata. Na anayetaka kujipima kabla ya kuwaza majangwa anaweza kuuzunguka mlima: kutoka Nyeri kupitia Karatina, Sagana, Embu, Chuka, Meru, Timau, Nanyuki na Naro Moru hadi Nyeri tena. Ni zaidi ya kilomita 300 zenye mvua, ukungu, joto, upepo na baridi, na mzunguko wenyewe hukatiza ikweta mara mbili.

MAJI, CHUMVI NA HEWA

Adui wa kwanza wa mwendeshaji nyikani ni joto. Katika jua kali, mtu anayekanyaga kwa bidii hupoteza lita moja ya jasho au zaidi kwa saa. Anayekwenda saa nane bila kurudisha maji hayo huanza kuumwa na kichwa, kisha miguu hukakamaa, akili ikachanganyikiwa, na mwishowe mwili hushindwa kujipoza. Hatua hiyo ya mwisho huua. Mgonjwa anayeacha kutoa jasho huku ngozi ikiwaka anahitaji kivuli, maji ya kumwagiwa mwilini na daktari upesi.

Hata hivyo, kunywa maji matupu kupita kiasi nako ni hatari. Jasho huondoka na chumvi. Mtu anayejaza tumbo maji bila kurudisha chumvi huizimua damu yake, na dalili zake, yaani kichefuchefu, kichwa kuuma na kuchanganyikiwa, hufanana na zile za kiu. Wengi wamedhuriwa kwa kuongezewa dawa ya ugonjwa wasiokuwa nao. Ndiyo sababu wenye uzoefu hubeba chumvi ya kuongeza maji mwilini, ile inayouzwa kwa bei ndogo katika kila duka la dawa, au huchanganya wenyewe chumvi kidogo na sukari.

Chakula ni suala la wingi kabla ya kuwa suala la aina. Siku ndefu yaweza kuteketeza kalori 5,000 au zaidi, karibu mara mbili ya mahitaji ya mtu wa kawaida. Vyakula vya Mlima Kenya havina cha kuonea haya hapa: githeri, viazi, ndizi, chapati na chai ya maziwa yenye sukari humpa mkanyagaji wanga, protini na chumvi anazohitaji. Kaskazini, maziwa ya ngamia na wali huchukua nafasi hiyo.

Mlimani adui ni uhaba wa oksijeni. Kwenye mita 5,500, msukumo wa hewa ni takriban nusu ya ule wa pwani. Anayepanda haraka mno huweza kupata ugonjwa wa mwinuko, ambao tiba yake ya uhakika ni kuteremka. Kwa wenyeji wa Nyeri na Nanyuki, waliokulia kwenye mita 1,700 hadi 2,000, miili huwa imejizoesha kwa kiasi, lakini mazoea hayo hayamkingi mtu dhidi ya kupanda kwa pupa.

CHOMBO NA MATENGENEZO

Baiskeli ya nyikani si lazima iwe ya bei ghali, ila lazima iwe inayotengenezeka. Fremu ya chuma huchomelewa na fundi wa kijijini, ilhali ya kaboni ikivunjika Turbi haina mganga. Tairi hupendekezwa ziwe pana, milimita 40 hadi 50 au zaidi, zenye hewa isiyojaa sana, ili ziyafunike mawe badala ya kuyagonga.

Miba ya migunga ndiyo chanzo kikuu cha pancha. Waendeshaji wa siku hizi hutumia tairi zisizo na tyubu, zilizotiwa majimaji mazito yanayoziba tundu dogo mara linapotokea. Hata hao hubeba tyubu za akiba, viraka, pampu, spoki, pingili za mnyororo na kipande cha tairi kuukuu cha kuzibia mpasuko. Mizigo nayo imehama kutoka keria za chuma na kuingia kwenye mifuko inayofungwa moja kwa moja kwenye fremu, usukani na chini ya kiti, kwa vile hakuna chuma cha kukatika.

Kabla ya safari, kila kilicho kwenye mzigo huulizwa swali moja: je, kisipokuwapo, safari itasimama? Kama jibu ni la, kinaachwa nyumbani. Maji pekee hayapunguzwi.

WAKENYA WALIOINGIA ULINGONI

Kwa muda mrefu Kenya ilijulikana kwa miguu ya wakimbiaji, si kwa pedali. Mwalimu aliyeanza kubadilisha hali hiyo ni David Kinjah, nahodha wa zamani wa timu ya taifa na mwanzilishi wa Safari Simbaz huko Kikuyu, ambaye aliwalea vijana wengi katika mchezo huu. Miongoni mwao alikuwa Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, akaiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Melbourne mwaka 2006, kisha, akiendesha kama Mwingereza, akashinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017.

Suleiman Kangangi, aliyejulikana na wengi kama Sule, alimaliza wa tatu katika Tour du Rwanda ya 2017. Baadaye alihamia mbio za changarawe na kuwa nahodha wa Team Amani, timu iliyowakusanya waendeshaji wa Kenya, Uganda na Rwanda. Hoja ya timu hiyo ilikuwa wazi: kipaji kipo Afrika Mashariki, lakini mashindano yako mbali, na viza, nauli na bei ya vifaa huwazuia vijana kabla hawajafika mstari wa kuanzia. Suluhisho likawa kuyaleta mashindano nyumbani. Mnamo Juni 2021, Migration Gravel Race ilifanyika kwa mara ya kwanza katika nyika za Maasai Mara, kwa hatua nne zenye jumla ya takriban kilomita 650, na wenyeji wakakanyaga bega kwa bega na wataalamu kutoka Ulaya, Marekani na Australia.

Agosti 27, 2022, Kangangi alianguka akiwa katika kasi kubwa kwenye mbio za Overland katika jimbo la Vermont, Marekani, akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 33. Kifo chake kiliutikisa mchezo huu kote duniani, kwani aliyeondoka hakuwa mshindani tu bali daraja ambalo wengine walitarajia kulivuka. Wenzake waliendelea kukanyaga, na mbio za Mara zikaendelea pia.

HATARI ISIYOTAJWA SANA

Wasomaji wengi wakisikia nyika huwaza simba na ndovu. Ukweli ni kwamba gari limeua waendeshaji wengi kuliko mnyama. Mwingereza Mike Hall, mwanzilishi wa Transcontinental Race na mmoja wa waliouvumisha mchezo huu, aligongwa na gari akafa nchini Australia mnamo Machi 31, 2017 alipokuwa akivuka bara hilo kwa mashindano. Hakuuawa na jangwa alilolivuka, bali na barabara ya lami.

Funzo hilo linaihusu Kenya moja kwa moja. Kijana anayefanya mazoezi kati ya Karatina na Sagana, au mama anayesukuma baiskeli ya maziwa Gakindu, hutumia barabara isiyo na njia ya baiskeli, akipitwa na matatu kwa upana wa kiganja. Kofia ngumu, mavazi yenye rangi angavu, taa ya nyuma na kuepuka usiku hupunguza hatari, ila haviiondoi. Barabara zenye kingo pana zitaokoa maisha mengi kuliko kofia zote zikiwekwa pamoja.

Ndiyo maana pia mbio za changarawe zina mvuto hapa. Barabara za vumbi zina magari machache, na Kenya inazo tele. Baadhi ya hifadhi, kama vile Hell's Gate karibu na Naivasha, huruhusu wageni kuingia kwa baiskeli. Kwingineko, mwendeshaji hupaswa kupata idhini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) au ya wenye ardhi kabla ya kuvuka lango.

Mnamo Septemba 2025, Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kabisa kufanyika katika ardhi ya Afrika, kwenye vilima vinavyofanana sana na vya Mukurweini. Waliotazama waliona mabingwa wa dunia wakihema katika miinuko ambayo mtoto wa Gakindu huipanda akienda shule. Miinuko si kikwazo kwa kijana huyo. Anachokosa ni chombo madhubuti, kocha, na barabara ambayo ataitumia asubuhi akiwa na hakika ya kurudi nyumbani jioni.